Plasta ya Juu ya Mlango

2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Ni miezi kumi na mmoja, nimeihesabu. Kila wiki nilisema nitaandika Jumapili, na kila Jumapili ikaja na nguo zake za kufua. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, basi nikwambie kweli: sikuandika kwa sababu nilikuwa na kinyongo. Tulimzika baba, na dada yake wa pekee hakuonekana. Watu waliniuliza, "Shangazi yako yuko wapi?" Nikawa najibu, "Miguu," kana kwamba miguu ni jina la mji.

Haya, nimelisema, limetoka. Ningepiga simu, ila mara ya mwisho nilikuuliza hali ukanijibu kwamba vifungo vyeusi vimeisha. Masikio yako na simu hayaivi chungu kimoja. Barua itakufikia.

Wiki iliyopita walikuja vijana wawili wa halmashauri na kopo la rangi. Wametuchorea X nyekundu kati ya mlango wa mbele na dirisha. Barabara inapanuliwa. Bwana Mkubwa (mwanangu wa kwanza, ana miaka minne, na jina hilo kajipa mwenyewe) aliwafuata nje akawaambia, "Ukuta hauchorwi. Mama atawachapa." Mmoja akamjibu, "Basi mwambie mama aje atuchapie ofisini."

Nikaenda, mdogo nikiwa nimembeba mgongoni. Ana meno mawili, na hasira za mtu mwenye thelathini na mbili. Karani alinipa tangazo la kurasa mbili. Kila mwenye nyumba ya zamani aandike historia yake: nani aliijenga, mwaka gani, nani wameishi humo. Aipeleke kabla mwezi haujaisha, nao wataamua nyumba ipi ibaki na ipi ipishe barabara. Ukurasa wa pili sikuuwahi. Nilipomaliza kumnyonyesha mdogo, Bwana Mkubwa alikuwa keshautengeneza ndege, na ndege ikaanguka kwenye beseni la nguo. Ila naona wa kwanza umesema yote.

Sasa mimi najua nini, Shangazi? Najua baba alikuwa mwashi na mji mzima ulimwita Fundi. Najua juu ya mlango wa mbele kuna herufi zake na mwaka, alizochora kwa msumari kwenye plasta mbichi, na kwa mwaka huo nyumba ina miaka arobaini. Wiki yake ya mwisho alinishika mkono akasema, "Chiriku, plasta ya juu ya mlango asiiguse mtu." Hakusema kuhusu kitanda, hakusema kuhusu shamba. Plasta. Ndiyo maana nataka niiandike vizuri historia hii. Ni kazi ya mikono yake, na sina urithi mwingine wa kuwaachia hawa wawili.

Wewe ndiye uliyebaki unayejua. Niandikie, hata kama ni ukurasa mmoja. Baba watoto yuko safarini na lori, harudi karibuni, nami nalala vipande vipande.

Ni mimi,
Chiriku wako

*

14 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Kinyongo chako nimekipokea na nimekiweka mahali pake. Miguu ni miguu kweli, lakini sikatai kwamba mtu anaweza kuwa na miguu mibovu na sababu nyingine juu yake. Tuyaache hayo.

Andika hivi. Nyumba ina vyumba vitano na ukumbi. Matofali yalifyatuliwa hapo hapo nyuma, kwenye shimo ambalo sasa lina tangi la maji, yakachomwa kwa siku sita. Babu yako, ambaye naye alikuwa mwashi, ndiye aliyepima msingi kwa kamba na vigingi. Vyumba viwili vya mbele vilikusudiwa wageni, lakini wageni wetu walikuwa wanapenda kukaa jikoni. Mlango wa mbele ulitoka kwenye ghala lililobomolewa, ndiyo maana una tundu la paka na sisi hatujawahi kufuga paka.

Kuhusu fundi na mwaka, andika kilichoandikwa juu ya mlango. Baba yako hakukiandika kwa mchezo. Mtu akishaandika jina lake kwenye plasta mbichi na plasta ikakauka, mimi ni nani wa kuja kuikwangua? Aliyekufa huachiwa chake. Na usiniweke mimi kwenye hiyo karatasi. Mimi ni fundi cherehani, najua pindo, sijui kuta.

Nimekutumia kwa basi sweta mbili. Ya mdogo nimeiachia nafasi shingoni, kwa sababu watoto wa ukoo wetu huzaliwa na vichwa kama maboga.

Ule ufa wa chumba cha pili, chini ya dirisha, bado upo? Ulikuwa mwembamba kama uzi.

Shangazi yako

*

27 Machi

Shikamoo Shangazi,

Sweta zimefika. Ya mdogo imepita kichwani bila vita, ahsante.

Historia nimeipeleka leo. Niliiandika mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilimwagikiwa uji. Nakala yako ni hii: "Nyumba hii ilijengwa na marehemu baba yangu, mwashi wa mji huu, miaka arobaini iliyopita, kama inavyosomeka juu ya mlango. Baba yake alimpimia msingi. Matofali yalichomwa hapo hapo. Tangu siku hiyo hajaishi humo mtu asiye wa ukoo." Karani aliisoma, akasema nina mwandiko mzuri. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyevishwa taji.

Ufa upo. Umenenepa, sasa unaingia kidole cha Bwana Mkubwa, na amekiingiza. Umeujuaje?

Chiriku

*

19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sina maneno mengi leo, mdogo ana homa ya meno.

Wametoa majibu. Karani alinikalisha, akasema, "Mama, pole. Nyumba yako bado kijana."

"Kijana vipi?"

"Ina arobaini. Zinazobaki ni za miaka hamsini na kuendelea. Si imeandikwa ukurasa wa pili?"

"Ukurasa wa pili uliruka."

"Uliruka ukaenda wapi?"

"Kwenye beseni."

Akanitazama, akamtazama Bwana Mkubwa, akaelewa. Lakini kuelewa si kusamehe. Anasema niliyeandika arobaini ni mimi, kwa mkono wangu na mwandiko wangu mzuri.

Watakata vyumba viwili vya mbele, futi kumi na mbili kuingia ndani. Hapo ndipo ninapolala na watoto.

Nikatoka nikakaa kwenye benchi la fundi viatu, yule mzee wa ng'ambo ya barabara, nikalia kidogo. Akaniuliza kulikoni, nikamwambia. Akasema, "Arobaini? Mimi nimekuja mji huu mwaka wa arobaini na sita sasa. Hiyo nyumba niliikuta imesimama, na paa lake limeanza kutu." Nikamwuliza, "Sasa nani aliijenga? Baba wakati huo alikuwa mtoto wa shule." Akapiga msumari wake, akasema, "Muulize shangazi yako," akacheka peke yake.

Nimerudi kwa karani mbio. Anasema neno la jirani halitoshi. Anataka barua ya mtu wa familia aliyekuwepo nyumba ikijengwa, au alama yoyote kwenye jengo lenyewe. Pingamizi mwisho tarehe 3 Mei.

Shangazi, hesabu hii haikai. Mtu hawezi kujenga nyumba ambayo tayari ina kutu. Sikuulizi kwa ubaya. Nakuuliza kwa sababu nina watoto wawili na chumba chenye X. Kama unajua kingine, kiseme, na ukiseme upesi.

Chiriku

*

29 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Nimeianza barua hii mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya hasira kwa baba yako, ya pili ilikuwa ya kumtetea. Hii ya tatu nitajaribu iwe ya kweli.

Nyumba hiyo ina miaka hamsini na miwili. Niliijenga mimi.

Babu yako alianguka kutoka kwenye jukwaa la nyumba ya mteja wakati msingi umeshatoka ardhini. Nyonga ilivunjika. Matofali yalikuwa yameshachomwa, mvua iko njiani, mama yetu mjamzito na sisi tunalala kwenye banda. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikijifunza kushona. Mzee akaagiza kiti chake cha kamba kitolewe uani, akakaa, akaniambia, "Njoo hapa. Ukuta ni kama pindo. Ukianza mshono wa kwanza kombo, utafika mwisho unalia." Akanipa mwiko wake mdogo na timazi, ule uzi wenye risasi wa kupimia ukuta usiiname. Yeye akawa macho, mimi nikawa mikono. Baba yako alikuwa na miaka kumi na mmoja, akibeba maji na kuimba ovyo.

Wapita njia walicheka mpaka wakachoka. "Leo unashona chumba gani?" "Nyumba hii mkiifua itarudi?" Mzee alikuwa anawajibu, "Ikirudi tutaipiga pasi." Lakini mchana tu. Jioni wateja wake wakija kumjulia hali, wakisifu kuta, alinyamaza wakaamini ni yeye aliyezijenga kabla hajaanguka. Sikumlaumu. Nani angempa kazi mwashi aliyejengewa na binti?

Kitu kimoja alinipa. Kwake ilikuwa desturi ya kazi: anayeweka tofali la mwisho juu ya mlango huweka kiganja cha kulia kwenye udongo mbichi, na mwaka chini yake. Siku hiyo alinitazama, akasema, "Weka wako." Nikaweka.

Nikaolewa, nikahama. Baba yako akakua, akawa fundi, na fundi mchanga huulizwa, "Umejenga wapi tuone?" Akaonyesha nyumba. Nilikuja kuwasalimu na mwanangu kifuani, nikakuta amepiga plasta mbele yote, na pale palipokuwa na kiganja changu pana herufi zake. Alikuwa ukumbini. Aliniona nimesimama natazama juu. Hakusema, na mimi sikusema. Nilikunywa chai, nikaondoka kesho yake, sikurudi tena. Ndiyo sababu ya pili iliyokaa juu ya miguu. Nilipopata habari ya msiba nilifunga mzigo, nikaufungua. Nilijiona nimekaa pale ukumbini nikisikiliza watu wakisema, "Hata nyumba hii ni kazi yake."

Wewe uliponiuliza mwezi wa tatu nilisema moyoni, mtoto huyu amebaki na baba wa kumbukumbu tu, nimwache naye mzima. Sikujua kwamba namnyang'anya nyumba. Mwiko wangu ninao hapa mezani. Nautumia kukandamizia kitambaa kisiteleze nikikata.

Peleka barua hii kwa karani.

Shangazi yako

6 Mei. Mwanangu, niliiweka barua hii kwenye droo ya cherehani nikasema nitaituma asubuhi. Ikawa asubuhi saba. Nilikuwa naona aibu, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Tarehe yako najua imepita. Naituma hivyo hivyo.

*

17 Mei

Shikamoo Shangazi,

Barua yako niliipokea tarehe tisa. Niliisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa sakafuni.

Nitakuambia kwa mpangilio, maana nikianza na hasira sitamaliza.

Tarehe tano, barua yako ikiwa bado kwenye droo, nilipanda ngazi ya baba kwenda kubandua herufi zake. Walisema wiki inayofuata wanaanza kubomoa, nami sikutaka zikanyagwe na tingatinga. Nilijua nakiuka neno lake. Nilisema kwa sauti, "Baba, nisamehe, naigusa." Bwana Mkubwa alikuwa chini ameshika ngazi kwa mikono miwili na kutoa amri. Nikagonga patasi mara moja tu. Plasta haikuvunjika. Ilitoka nzima, kama kifuniko cha sufuria, karibu inipige usoni.

Nyuma yake kulikuwa na karatasi ya mfuko wa saruji, imekunjwa mara mbili na kupigiliwa vimisumari vinne vidogo pembeni. Nikaichana. Chini yake kiganja. Kidogo, vidole vyote vitano wazi, mpaka mistari inaonekana. Na mwaka. Nilihesabu kwa vidole vyangu pale pale juu ya ngazi: hamsini na mbili.

Shangazi, wewe ni binti wa mwashi, huhitaji kuelezwa karatasi ile ilikuwa ya nini. Plasta haishiki kwenye karatasi. Fundi anayetaka kufuta alama huikwangua kwa mwiko, dakika mbili kazi imekwisha. Baba alikaa akaipima, akaikunjia karatasi, akaipigilia taratibu asiharibu hata kidole kimoja. Aliifunika, hakuifuta. Alichukua sifa yako akalisha watoto nayo, na mkono wako akautunza. Sijui nimwite nani kwa hilo. Siku hiyo nilimwita mwoga, nikamlilia tena upya.

Na neno lake kitandani mimi nililielewa kinyume. Nilidhani anailinda plasta. Ningeigusa mwezi wa tatu, tungelala na vyumba vitano.

Nilikimbia kwa karani nywele zimejaa vumbi. Alikuja mwenyewe, akapanda ngazi, akaweka mkono wake karibu na kiganja chako bila kukigusa. Aliposhuka alisema, "Mama, ungekuja Ijumaa." Ilikuwa Jumatatu. Orodha ilikuwa imeshasainiwa na kupelekwa juu. Nikamwambia, "Nyumba imengoja miaka hamsini na miwili, wewe huwezi kungoja siku mbili nyuma?" Akasema, "Ningekuwa na uwezo wa siku za nyuma, mama, nisingekuwa karani." Alisema kwa huruma, nami nilitamani kumpiga kwa patasi.

Basi wamekata. Jumatatu hii, kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri. Mdogo alilala muda wote, sijui aliwezaje. Kuta zako hazikutaka kuanguka, Shangazi. Dereva wa tingatinga alirudi nyuma mara nne. Fundi viatu alisimama ng'ambo akawa anamwuliza, "Vipi, mshono umegoma?" Ule ufa ndio ulioachia kwanza.

Kiganja kipo. Niliwalazimisha mafundi wakitoe na matofali yake manne, kimekaa jikoni chini ya meza, kimefunikwa na sweta iliyombana Bwana Mkubwa. Mlango wa tundu la paka nao nimeuweka.

Sasa nisikilize. Nimekukasirikia. Siku saba kwenye droo ni nyingi, na nitakasirika labda mwaka mzima, nikipata nafasi. Lakini na mimi niliacha ukurasa wa pili uruke, na baba naye alikaa miaka thelathini na tisa chini ya kiganja chako bila kusema neno moja. Tukianza kugawana lawama hatutamaliza, na mimi nina nguo za kuanika. Kila mmoja abebe lake, ukuta usimame.

Nyumba iliyobaki ina vyumba vitatu na mbele hakuna kitu, nimetundika turubai. Wamenipa siku thelathini kufunga ukuta, vinginevyo watasema jengo ni hatari na watarudi. Baba watoto amerudi, anaweza kubeba, anaweza kuchanganya, lakini akiweka matofali matatu yanapanga foleni kama walevi. Mimi nimejaribu mstari mmoja nyuma ya tangi. Haukuwa kombo sana. Nilikumbuka ulichosema kuhusu mshono wa kwanza, nikaubomoa nikaanza tena.

Kiti cha kamba cha babu nilikikuta darini. Nimekisuka upya na kukiweka uani, mahali penye kivuli mpaka saa nane. Anayekaa hapo hahitaji miguu. Anahitaji macho tu, na mdomo, na hivyo viwili najua unavyo.

Kwa hiyo nahitaji uniletee au unitumie haya, na usipunguze hata kimoja:

Mwiko mdogo wa babu. Vitambaa tafuta jiwe uvikandamizie.

Timazi, kama bado ina risasi yake. Ya baba ilipotea msibani.

Uzi mrefu usiokatika, ule unaoshonea magodoro, wa kuvutia mstari.

Kipimo cha mchanga na saruji alichotumia babu, kwa ndoo, siyo kwa "kiasi".

Jina la basi na siku, ili baba watoto akupokee stendi. Mizigo usibebe mwenyewe.

Na namba ya kiatu chako. Mabuti ya baba yapo hapa mlangoni, lakini nimekipima kiganja chako na glavu yake ya kazi, nikaona hayatakufaa.

Chiriku